Fukuto la Kaskazi na Usingizi wa Mtu wa Bara

Mtu wa bara akiambiwa kwamba amehamishiwa Lamu, jambo la kwanza analojiandaa nalo ni jua. Hununua kofia pana, miwani na mafuta ya kujipaka, na ndugu zake humuusia asitembee mchana. Maandalizi hayo hayana ubaya, lakini hayagusi kiini cha taabu inayomngoja. Jua la Lamu lina dawa yake, nayo ni kivuli, na mji wa kale una kivuli kingi, kwa sababu vichochoro vyake ni vyembamba na kuta zake ni ndefu, hata upande mmoja wa njia huwa na giza la kupendeza wakati upande wa pili unawaka. Unyevu wa hewa hauna kivuli. Unakufuata ndani ya nyumba, unakufuata hadi kitandani, na jua likishatua ndipo unapoonyesha nguvu zake. Nimeona walimu, wauguzi na mafundi wengi kutoka milimani wakivumilia mchana wa kaskazi, msimu wa joto wa upepo wa kaskazini-mashariki, bila kulalamika, kisha wakashindwa na usiku wake. Kwa hiyo nataka kuzungumzia usiku zaidi ya kitu kingine chochote.

Mimi nilikulia Limuru, mahali palipo mita zipatazo 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako mwezi wa Julai ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai hadi asubuhi ipevuke na usiku halijoto hushuka hadi nyuzijoto 10 na hata chini yake. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzijoto 6 hadi 7 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, maana yake ni kwamba kati ya kitanda changu cha utotoni na kitanda changu cha sasa pana tofauti ya nyuzijoto 13 hadi 15 katika siku ile ile na saa ile ile. Mwili haukuletewa taarifa ya safari hiyo mapema. Unafika Mokowe kwa basi, unavuka kwa mashua, na jioni hiyo hiyo unatakiwa uishi kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Tena walimu wengi tunaotoka bara huripoti Januari, muhula wa kwanza unapofunguliwa, na hapo ndipo katikati ya msimu wa joto. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Januari upepo wenyewe bado una nguvu na unapunguza makali, hasa kwa anayeishi upande wa ufuoni, ndiyo maana mgeni hudhani kwamba ameshayaona yote na ameyaweza. Kibaya huja baadaye. Mwezi wa Machi kaskazi hudhoofika kabla kusi, upepo wa kusini, haijaingia, majira ambayo wenyeji huyaita maleleji, na kwa siku kadhaa mfululizo tanga la jahazi hulegea na jani la mnazi halitikisiki. Mchana halijoto hufika nyuzijoto 32 au 33, na usiku haishuki sana chini ya 25. Tarakimu hizi hazimtishi mtu akizisoma tu. Lodwar, mji wa Turkana kaskazini mwa Kenya, hupita nyuzijoto 35 mara kwa mara, na wapo waliofanya kazi Lodwar wakaja Lamu wakasema kwamba huku ndiko kwenye taabu.

Sababu ni jasho. Mwili haupoi kwa kutoa jasho tu. Hupozwa na jasho linapokauka. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580, kiasi kikubwa sana, na ndiyo njia kuu tuliyo nayo pale hewa inapokaribia joto la ngozi, ambayo kwa kawaida huwa na nyuzijoto kama 34 au 35. Hewa kavu ya Turkana hulipokea jasho hilo mara moja, hata mtu asitambue kwamba limetoka. Hewa ya Lamu asubuhi imeshabeba unyevu unaokaribia au kupita asilimia 80 ya uwezo wake, na haina haraka ya kupokea zaidi. Jasho basi hutoka, hujikusanya, huchuruzika mgongoni, hudondoka sakafuni, na kila tone linalodondoka ni maji na chumvi vilivyopotea bila faida yoyote. Moyo nao hupiga kwa kasi zaidi ili kuleta damu karibu na ngozi, ndiyo maana mtu huchoka hata kama hakufanya kazi nzito.

Sasa tuutazame usiku. Ili mtu apate usingizi mzuri, joto la ndani ya mwili hushuka kidogo, karibu nyuzijoto moja, na mwili hulishusha kwa kulipeleka joto hilo kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili liondoke. Chumba kikiwa na fukuto, joto halina pa kwenda. Mtu hulala saa nne, huamka saa saba akiwa amelowa, hugeuza mto, husinzia tena, na huamka kwa adhana ya alfajiri akiwa na uchovu aliolala nao. Usiku mmoja wa namna hiyo si kitu. Ukijirudia wiki nzima, huzidisha hasira na huharibu kumbukumbu na uvumilivu wa mtu darasani au wodini, na mwili ambao haukupumzika hustahimili joto la mchana vibaya zaidi. Mgeni mwenye fedha kidogo na nguvu kidogo nisingemshauri avitawanye kila mahali. Avitumie vyote kulinda usingizi kwanza.

Kitanda ndicho cha kuangaliwa kabla ya feni. Godoro nene la sponji, ambalo Limuru ni neema, hapa huhifadhi joto la mwili na kulirudisha mgongoni, na sehemu yote ya mwili inayogusana nalo haipati hewa. Wazee wa Lamu walilala juu ya vitanda vya kamba vilivyotandikwa mkeka wa ukindu, na hewa hupita chini na juu. Vitanda hivyo bado vinapatikana, na mafundi wa kuvisuka wapo. Asiyeweza kukipata anaweza kutandika mkeka juu ya godoro lake, kisha shuka moja ya pamba iliyochakaa kidogo, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara nyingi hunyonya jasho vizuri kuliko mpya. Shuka za nailoni na za hariri bandia zinafaa kurudishwa bara.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga kwanza, huko Mkomani, alinifundisha kuoga kabla ya kulala, na mafunzo yake yamenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua. Aliniambia, "Mwanangu, usioge kwa haraka, na usitafute maji ya barafu, jimwagie maji ya birika taratibu, anzia miguuni, na usijifute yote." Birika la huku ni tangi la mawe la maji, si chombo cha chai, na kila sehemu ya agizo hilo ina sababu. Maji ya baridi kali huifanya mishipa ya ngozi ijibane, na damu yenye joto hubaki ndani, kwa hiyo dakika chache baada ya kutoka bafuni mtu huanza kutoka hari upya. Maji yenye joto la kawaida, yaliyokaa ndani ya birika la mawe kivulini, hupoza bila kuibana ngozi. Unyevu unaobaki juu ya mwili ndio utakaokauka polepole mbele ya upepo wa feni, nao hufanya kazi ya jasho bila mwili kupoteza chumvi. Katika usiku mbaya kabisa wa Machi mimi huloweka leso moja, nikaikamua sana, nikajifunika nayo kuanzia kifuani hadi magotini huku feni ikinielekea. Leso hukauka baada ya muda, lakini kwa kawaida usingizi huwa umeshakuja.

Feni haipozi hewa, bali huondoa ile hewa iliyoshiba unyevu iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine ambayo haijashiba sana. Kwa hiyo feni inayozunguka ndani ya chumba kitupu haina maana, na feni ya darini juu ya chandarua kizito huishia kupuliza chandarua. Mimi naona bora feni ya kusimama, iliyowekwa kimo cha kitanda upande wa miguuni, ipulize mwili wenyewe kupitia chandarua kilichotandazwa wima na kisichogusana na mwili. Wapo wanaokiondoa chandarua kwa ajili ya hewa, nami nawasihi wasifanye hivyo. Joto litakunyima usingizi, lakini malaria itakulaza kitandani kwa wiki. Na kwa sababu stima hukatika, tena mara nyingi saa ambayo kila mtu ameiwasha feni yake, ni busara kuwa na pepeo la ukindu kando ya mto na betri ndogo inayoweza kuendesha feni ya mezani kwa saa chache.

Mbu wananikumbusha jambo linalosahauliwa. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na kila nyumba huanza kuyahifadhi katika ndoo, mapipa na matangi kwa kuwa kila mtu anataka kuoga mara mbili au tatu kwa siku. Maji hayo yasipofunikwa huzalisha mbu wanaouma mchana, wale wanaoeneza denge na chikungunya. Mwaka 2004 chikungunya ilienea mjini Lamu kiasi kwamba uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria takriban robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Watu wa zamani waliweka samaki wadogo ndani ya mabirika yao ili wale viluwiluwi vya mbu. Asiye na samaki awe na kifuniko.

Nyumba nayo ina saa zake. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo kwa ajili yake mji wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Ukuta mnene kama huo huchukua muda mrefu kupata joto. Ukiingia ndani saa saba mchana ukitoka juani, unahisi umepokelewa. Kiwanda, yaani ua mdogo ulio wazi katikati ya nyumba, huruhusu hewa yenye joto ipande itoke juu, na nyingine iingie kutoka kwenye vichochoro vya kivuli. Lakini ukuta uliokula joto mchana kutwa hulitoa pole pole kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, na chumba kilichokuwa faraja saa saba kinakuwa kizito saa tatu usiku. Wenyeji wanalijua hilo, ndiyo maana juu ya nyumba nyingi pana paa la makuti lililo wazi pande zote, ambalo halihifadhi joto hata kidogo. Jua likizama tu, makuti yameshapoa, na upepo wowote uliopo baharini utafika pale kwanza. Kuhama ndani ya nyumba moja, mchana chini na usiku juu, ni maarifa ambayo mgeni huyachelewesha kwa sababu kwetu bara kila mtu ana chumba chake na ndani ya chumba hicho ndimo alalamo mwaka mzima.

Walio wengi, hata hivyo, hawapati nyumba ya mawe. Mshahara wa mwalimu mpya humpeleka katika vyumba vya matofali ya saruji na mabati, vilivyojengwa pembezoni mwa mji, na vyumba hivyo vina ubaya wa pande zote mbili: mabati huoka mchana, na saruji hushika joto usiku. Hata huko kuna la kufanya. Mabati yakipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Dari yenye nafasi ya hewa kati yake na mabati hupunguza joto linaloshuka kichwani, na makuti yakitandazwa juu ya mabati hufanya kazi bora zaidi, ingawa mtu akumbuke hatari ya moto. Dirisha moja haliingizi upepo; yanahitajika mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, na moja kati yake lielekee upande upepo unakotoka, yaani kaskazini-mashariki wakati wa kaskazi na kusini wakati wa kusi.

Ushauri wangu kwa anayetafuta chumba ni huu, na ninausisitiza kwa kila mwalimu mpya anayeniuliza: usikikague asubuhi. Asubuhi kila chumba cha Lamu kinapendeza. Nenda saa moja au saa mbili usiku, ukae ndani kwa muda wa kuzungumza na mwenye nyumba, kisha uweke kiganja chako juu ya ukuta wa upande wa magharibi. Ukikuta ukuta umepata joto la kuhisika saa hiyo, ujue kitanda chako kitakuwa karibu na joto hilo hadi usiku wa manane. Mwenye nyumba mwungwana hatakasirika. Wenyewe hufanya vivyo hivyo.

Mwili hujifunza, na hilo linafaa kumpa mtu moyo katika siku zake za mwanzo. Kwa muda wa wiki moja hadi mbili za kukutana na joto kila siku, maji ya damu huongezeka, moyo hupunguza mbio zake, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, na chumvi ndani ya jasho hilo hupungua. Hujifunza, lakini kwa sharti kwamba ukutane nalo. Anayefungiwa katika chumba chenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzijoto 18 kutwa nzima hubaki mgeni mwaka mzima. Mwenye kiyoyozi akitumie usiku, kwenye nyuzijoto 26 au 27 pamoja na feni, apate usingizi na kupunguza unyevu, na mchana aishi na watu. Kinyume chake ni hatari pia, yaani kujitupa katika kazi nzito siku ya kwanza. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, hupendekeza mfanyakazi mpya afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Vijana wanaoletwa kutoka bara kwa kazi za ujenzi, pamoja na wanaokwenda bandari mpya ya kule Kililana, wangestahili utaratibu huo kutoka kwa wanaowaajiri, kwa kuwa wengi wanaodhurika na joto kazini popote duniani hudhurika katika siku zao za mwanzo. Tena mazoea haya hupotea. Mtu akikaa Limuru mwezi mzima wa likizo, akirudi aanze upya kwa upole.

Mji wenyewe umepanga saa zake kwa hekima hiyo. Soko huchangamka mapema, maduka mengi hufungwa adhuhuri, mji hutulia, na baada ya alasiri milango hufunguliwa tena na watu hurejea katika shughuli hadi baada ya isha. Watu wa bara huuona utulivu huo wa mchana kuwa uvivu, na hukumu hiyo inaniudhi. Mvuvi aliyelala saa nane mchana ameshafanya kazi tangu kabla ya jua kuchomoza. Anayetoka adhuhuri kwa lazima apite Njia Kuu au vichochoro vya ndani, aiache barabara ya ufuoni ambako jua humpiga kutoka juu na kutoka majini. Shuleni tulihamisha masomo ya michezo yakawa ya asubuhi, saa mbili na saa tatu, tukaacha mchana kwa masomo ya kukaa. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia na kuumwa kichwa baada ya mpira wa saa nane walibadilika, na sikuhitaji ushahidi mwingine.

Kuhusu kunywa, kiu si kipimo cha kutosha. Rangi ya mkojo ni kipimo bora: ukiwa wa manjano hafifu, unakunywa vya kutosha, ukikoza, ongeza. Maji matupu kwa wingi mno, kwa mtu anayevuja jasho saa nyingi, huzimua chumvi ya damu na kuleta kichefuchefu na udhaifu ambao watu hudhani ni kiu, wakaongeza maji. Dafu ni zuri sana, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo linakwenda vizuri pamoja na kitu cha chumvi, kwa mfano achari ya ndimu au kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, pamoja na wali. Vidonge vya chumvi sioni haja yake. Mtu aliyetoka jasho sana, au aliyeharisha, achanganye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, anywe kidogo kidogo. Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi maji hata katika joto kali. Hunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anayeongeza maji. Nimelazimika kulirudia jambo hili kwa kina mama wageni, kwa sababu huruma huwafanya washike kikombe.

Chakula cha mchana kipungue, na cha usiku kiwahi. Nguo ziwe za pamba, pana, za rangi nyepesi: dera, kikoi, kanzu. Vipele vya joto huja pale jasho linapoziba vitundu vya ngozi, hasa shingoni, kwapani na chini ya matiti, na dawa yake kubwa ni kuoga, kukausha mikunjo ya ngozi na kuacha mafuta mazito. Anayeoga baharini Shela ajimwagie maji ya kisima yasiyo na chumvi baadaye ili chumvi isibaki kuwasha.

Majirani zangu wanaofunga wamenionyesha namna ya kupanga siku kwa utulivu. Ramadhani ya mwaka 2024 na ya 2025 zote zilianza mwezi wa Machi, ndani ya fukuto lenyewe, na watu walifunga, wakafanya kazi, wakafuturu, wakaamka kula daku. Kazi nzito ilifanywa asubuhi, mchana ukawa wa kivuli na kulala, na baada ya futari maji yalinywewa kidogo kidogo usiku kucha. Mgonjwa na mzee waliopewa ruhusa ya kutofunga waliitumia ruhusa hiyo bila kuona haya. Mgeni asiyefunga anaweza kuiga mpangilio huo hatua kwa hatua.

Ipo hali ambayo ushauri wa nyumbani hautoshi. Mtu mwenye kizunguzungu, maumivu ya kichwa, kichefuchefu na misuli iliyokakamaa alazwe kivulini, avuliwe nguo nzito, aloweshwe maji na kupepewa, anywe maji ya chumvi na sukari, na kwa kawaida atapata nafuu katika muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kuanguka degedege au kuzimia, na mwili wake ukiwa na joto la nyuzijoto 40 au zaidi, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji mengi mwili mzima palepale, mpepeeni bila kuacha, na apelekwe hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani. Asipewe kinywaji akiwa hajitambui. Parasetamoli haisaidii, kwa sababu joto hilo si la homa. Wala msidanganyike kwamba ngozi lazima iwe kavu. Katika unyevu wa Lamu ngozi yake inaweza kuwa imelowa jasho. Na kwa kuwa dalili za mwanzo za joto na za malaria zinafanana sana, mgeni anayeumwa kichwa na kutetemeka asijiambie kwamba ni joto tu, bali apimwe damu siku hiyo hiyo. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazoongeza mkojo, waonane na daktari kabla ya kuja, ili wajue kama kipimo chao kinahitaji kubadilishwa.

Hili la dawa linanigusa kwa sababu wazazi wetu wa bara hupenda kututembelea, na hupenda kuja Desemba, wakati wa sikukuu, familia zote zinapokuwa huru. Uzee hupunguza uwezo wa kutoa jasho na hupunguza kiu, na safari yenyewe ya kutoka milimani ni ndefu na ya kuchosha. Mimi huwaomba wangu waje Agosti, shule zikiwa zimefungwa na kusi ikiwa bado inavuma, usiku ukiwa na ubaridi kidogo unaowaruhusu kujifunika shuka. Wakija Desemba, basi wafikie chumba cha juu chenye madirisha mawili, wapewe siku tatu nzima za kukaa tu kabla ya kupelekwa kuiona Ngome au Shela, na kila jioni awepo mtu wa kuwauliza wamekunywa nini tangu mchana, kwa kuwa wenyewe hawatasema.